DVD ina nafasi, mbona faili linakataliwa?

SWALI: Ndugu wahariri, hapa studio nachoma video za harusi kwenye DVD tupu za GB 4.7. Nina faili moja la MP4 ambalo Windows inalionyesha kuwa GB 4.2. Programu ya kuchomea inasema faili ni kubwa mno, ilhali diski haina kitu ndani. Nimeshabadili diski tatu. Mbovu ni diski au kompyuta?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Diski zako ni nzima, usizitupe. Kinachokukwamisha ni mfumo wa faili, yaani namna orodha ya mafaili inavyoandikwa kwenye diski. Katika ISO 9660, mfumo wa tangu enzi za CD, ukubwa wa faili huandikwa kwa biti 32. Namba kubwa kabisa inayoingia humo ni baiti 4,294,967,295. Ingeongezeka baiti moja tu ingetimia GB 4 kwa hesabu ya Windows. Faili lako limepita hapo. Programu nyingine za zamani hugoma hata kwenye GB 2.

Na ile 4.7 ya kwenye boksi imehesabiwa kwa bilioni za baiti. Windows huiona kama 4.38. Ndiyo maana faili la 4.2 linaenea kwenye diski lakini halienei kwenye orodha.

Dawa ni UDF, mfumo mwingine wa faili usio na ukomo huo. Kwenye ImgBurn, programu ya kuchomea diski, chagua kuandika mafaili kwenye diski, fungua Options, kisha penye File System weka UDF peke yake badala ya ISO9660 + UDF. Toleo la UDF liache 1.02, ambalo hata Windows XP inalisoma. Alama ya Verify usiiondoe: diski ikishachomwa itasomwa upya na kulinganishwa na faili la asili.

Unaweza pia kulikata faili kwa 7-Zip, programu ya kubana na kugawa mafaili, vipande vya 2000M (MB 2000), vitatoka vitatu. Kwa mteja wa harusi hatukushauri: video haichezi mpaka aviunganishe, na kimoja kikikwaruzwa amekosa yote.

Kama mteja anataka kuchezesha kwenye deki, tengeneza DVD-Video kamili. Humo programu yenyewe hukata video kuwa mafaili ya VOB (aina ya faili la video ya DVD) yasiyozidi GB 1, kwa hiyo ukomo huu hutakutana nao.

Ukikimbilia flashi, angalia kwanza: iliyofomatiwa FAT32, mfumo wa faili wa zamani, ina ukuta uleule wa GB 4. Hamisha vilivyomo, kisha ifomati kwa exFAT, mfumo usio na ukuta huo.