Jedwali lote limepauka, seli moja tu imekolea

Umepaka jedwali la Excel rangi kwa Color Scales, yaani rangi zinazofuata ukubwa wa namba, na karibu seli zote zimetoka hafifu? Mara nyingi chanzo ni safu ya jumla uliyoichagua pamoja na data. Excel huipa thamani kubwa kabisa rangi iliyokolea, basi nyingine zote hubanana upande wa rangi hafifu. Fungua Conditional Formatting, kisha Manage Rules, uiondoe jumla kwenye eneo la kanuni. Bado namba moja inazimeza nyingine? Hariri kanuni hiyo: kiwango cha chini kiwe Percentile 5, cha juu Percentile 95 (Percentile ni nafasi ya namba kati ya mia, zikipangwa kutoka ndogo hadi kubwa).

Data yenye hasi na chanya inahitaji rangi tatu: kiwango cha katikati kiwe Number 0, na rangi yake nyeupe. Tafadhali epuka nyekundu na kijani, wapo wasioweza kuzitofautisha. Bluu na chungwa zinafaa zaidi.

Seli yenye namba lakini haipati rangi? Kagua kama namba imehifadhiwa kama maandishi.