Maswali ya Wasomaji: Programu Moja, Simu za Kila Umri

Barua za mwezi huu zote zinahusu jambo moja: programu inayofanya kazi kwenye kifaa cha mtengenezaji na kugoma kwa mteja.

Msomaji, Umoja: Nina programu ya Android ya daftari la madeni, inayotumiwa na wenye maduka mtaani. Nilipandisha compileSdk (toleo la zana za Android ambalo programu hujengwa nalo) kutoka 34 hadi 35 bila kugusa mstari mwingine wowote. Kwenye simu yangu ya Android 15 haina shida, lakini wenye Android 10 na 12 wakibonyeza "Lipa" inajifunga papo hapo. Kosa liko wapi ikiwa msimbo ni ule ule?

Jibu: Msimbo ni ule ule, ila kompaila, yaani chombo kinachogeuza msimbo kuwa programu, imeuelewa vingine. Unganisha simu mojawapo kwa waya wa USB, washa adb logcat (amri inayoonyesha kumbukumbu za makosa ya simu), kisha bonyeza Lipa. Tunashuku utaona NoSuchMethodError (kosa la kuita funksheni isiyopo) ikitaja removeFirst. Daftari la madeni kwa kawaida ni orodha yenye deni kongwe mbele, na likilipwa huondolewa kwa removeFirst(). Hadi compileSdk 34 (Android 14), funksheni hiyo ilitoka kwenye maktaba ya lugha ya Kotlin, ambayo huingia ndani ya programu yako na kwenda nayo kwenye simu yoyote. Android 15 (namba 35) ilileta removeFirst na removeLast za lugha ya Java 21, zikiwa ndani ya List, yaani aina ya orodha, yenyewe. Kompaila ikikuta majina mawili yanayofanana, huchagua lililo ndani ya aina husika. Sasa programu yako inaiagiza simu itumie kitu ambacho Android 14 na za nyuma yake hazina.

Badilisha removeFirst() iwe removeAt(0), na removeLast() iwe removeAt(list.lastIndex). Kama orodha inaweza kuwa tupu, tumia removeFirstOrNull() na ushughulikie jibu la null (yaani hakuna kitu). Hata removeAt(0) kwenye orodha tupu itaifunga programu.

Namba tatu za SDK (zana za kujengea programu za Android) huchanganywa sana, na hapo ndipo matatizo mengi huanzia. compileSdk huiambia kompaila majina gani yapo. targetSdk huiambia simu kwamba umekubali kanuni za toleo fulani. minSdk huzuia simu za zamani kuliko hapo zisiisakinishe. Kupandisha compileSdk hakukupi ruhusa ya kutumia kila kitu kipya kwenye kila simu: kilicho juu ya minSdk yako lazima kitanguliwe na ukaguzi wa Build.VERSION.SDK_INT (namba ya toleo la Android kwenye simu), au kipitie maktaba za AndroidX, zinazohudumia pia simu za zamani. Tena, usipandishe compileSdk na targetSdk kwa pamoja. Pandisha ya kwanza, jaribu, toa toleo, ndipo uguse ya pili. Zikipanda pamoja na kitu kikavunjika, utatafuta chanzo kwa siku nyingi.

Kuna mtego mwingine hapo. Ukaguzi wa NewApi, mmoja wa ukaguzi wa chombo cha kukagua msimbo kiitwacho lint, hukamata mengi ya makosa haya, lakini ujenzi wa release (toleo la kuwapa wateja) hukagua tu yale yaliyowekwa ngazi ya fatal, ya juu kabisa, na NewApi haimo. Ongeza fatal += "NewApi" katika sehemu ya lint ya build.gradle. Kisha tafuta kila @SuppressLint("NewApi"), yaani agizo la kunyamazisha onyo hilo, uliyowahi kuandika na uhakikishe kweli ina ukaguzi wa toleo juu yake.

Msomaji, Kawangware: Wateja walionunua simu mpya hawapati vikumbusho vya programu yangu. Wenye simu za zamani wanapata.

Jibu: Tangu Android 13, yaani API 33 (namba ya SDK yake), arifa huhitaji ruhusa ya mtumiaji. Aliyekuwa na programu yako kabla simu yake haijapanda hadi 13 kwa kawaida huachiwa ruhusa aliyokuwa nayo; anayeisakinisha upya huanza bila ruhusa. Ndiyo maana wanaolalamika ni wenye simu mpya. Tangaza ruhusa ya POST_NOTIFICATIONS kwenye manifesti (faili inayotaja mahitaji ya programu), na kama SDK_INT ni 33 au zaidi, omba ruhusa mtu anapoweka kikumbusho chake cha kwanza. Usiombe programu inapofunguka, kwa sababu mtu hajajua bado anaombwa kwa ajili ya nini, na akikataa mara mbili mfumo hautamwonyesha tena dirisha lile.

Msomaji, Barabara ya Kirinyaga: Programu ya stoo ya duka la vipuri, iliyoandikwa kwa Python enzi za Windows 7, inakataa kufunguka kwenye Windows 11 ikidai inataka "Windows 7 au zaidi". Tulipoondoa ukaguzi huo ilifunguka, lakini karani akiuza haihifadhi chochote. Ikifunguliwa kama msimamizi, inahifadhi.

Jibu: Hayo ni makosa mawili tofauti. La kwanza: platform.release() ya Python, ambayo huenda ukaguzi wenu uliitumia, hurudisha maandishi, si namba. "11" ikilinganishwa na "7" kwa maandishi huonekana ndogo, kwa kuwa herufi 1 hutangulia 7. Tumia sys.getwindowsversion() na ulinganishe major na minor kama namba. Windows 7 ni 6.1. Windows 11 nayo hujitaja kuwa 10, na hutambulika kwa namba yake ya build (ya ujenzi), 22000 kwenda juu.

La pili: data yenu inakaa kando ya programu ndani ya Program Files, ambako mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuandika. Ihamishieni kwenye folda yenu ndani ya C:\ProgramData. Hata huko, faili iliyoundwa na mtu mmoja wengine huisoma tu, kwa hiyo kisakinishi kilipe kundi la Users haki ya kubadilisha folda nzima. Mkitumia SQLite (hifadhidata inayokaa kwenye faili), haki juu ya faili pekee haitoshi, maana SQLite huunda faili ya muda pembeni yake. Msiwape makarani haki za msimamizi kama njia ya mkato.

Kompyuta ya Windows 7 ikiwa bado ipo dukani, jengeni kwa Python 3.8, ya 3.9 haiendeshwi humo.

Msomaji, Kasarani: Simu za Android 6 haziifikii seva yangu ya HTTPS, ilhali zinafungua tovuti nyingine.

Jibu: Kama cheti cha usalama cha seva ni cha Let's Encrypt (shirika linalotoa vyeti bure), mzizi wake, yaani cheti mama kinachothibitisha vingine, ISRG Root X1, unaaminiwa na Android kuanzia 7.1.1 tu. Kwenye Android 7.0 unaweza kuubeba mzizi huo ndani ya programu kupitia faili ya mipangilio ya network_security_config. Android 6 haijui faili hiyo, kwa hiyo utalazimika kuuingiza mzizi kwenye mteja wako wa TLS (maktaba inayounganisha programu na seva kwa usalama), kwa mfano OkHttp. Kabla ya kazi hiyo, angalia kwenye Play Console (ukurasa wa Google wa watengenezaji programu) ni wangapi bado wako kwenye matoleo hayo. Wakiwa wachache mno, weka minSdk 25 (Android 7.1), na uwaombe wenye simu za 7.1 zilizobaki wazisasishe hadi 7.1.1.