Mdogo Wangu Apelekwe kwa Nani?

SWALI: Mdogo wangu alijifungua miezi mitatu iliyopita. Tangu hapo hapati usingizi hata mtoto akilala, analia mara kwa mara na anasema mtoto angepata mama bora kuliko yeye. Shemeji anataka apelekwe kwa mwanasaikolojia, shangazi anasema ni kazi ya daktari wa magonjwa ya akili, na kanisani kwetu yupo mshauri nasaha. Tuanzie kwa nani?
Msomaji, Tanga

JIBU: Pole, dada. Kabla ya yote, muulizeni waziwazi, pasipo kumlaumu, kama amefikiria kufa au kumdhuru mtoto. Kuuliza hivyo hakumpandikizii mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Akikiri, au akianza kusikia sauti ambazo ninyi hamzisikii, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, wala asiachwe peke yake na mtoto.

Kama dalili hizo hazipo, muanzie kwa daktari, hata yule wa kituo cha afya kilicho karibu, kwa sababu upungufu wa damu au hitilafu ya tezi ya thairoidi baada ya kujifungua huweza kuleta uchovu na huzuni inayofanana na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, na hayo hugunduliwa kwa vipimo, si kwa mazungumzo. Akiona haja, atawapa rufaa kwa daktari bingwa wa magonjwa ya akili, ambaye baada ya shahada ya udaktari alisomea fani hiyo miaka mitatu zaidi, na ambaye huandika dawa na kulaza mgonjwa inapobidi. Shangazi hajakosea, basi, na kumwona bingwa huyo si sawa na kupelekwa Mirembe, ile hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma ambayo wengi wetu, kwa aibu yetu, tumeligeuza jina lake kuwa tusi. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kabla nafuu haijaonekana vizuri, na zipo zinazoweza kutumiwa na mama anayenyonyesha. Kwa hiyo asiziache ghafla, wala asimwachishe mtoto ziwa kabla ya kumwuliza daktari.

Shemeji naye ana hoja. Mwanasaikolojia tiba haandiki dawa, bali hutibu kwa mazungumzo yenye utaratibu, mara nyingi kila wiki. Sonona isiyo kali huweza kupona kwa njia hiyo pekee, na iliyo kali hutibiwa kwa vyote viwili.

Mshauri wa kanisani anaweza kumfariji na kuwasaidia yeye na mumewe kuelewana, ila mimi nisingeanzia kwake. Muulizeni amesomea wapi, na humpeleka wapi mtu ambaye tatizo lake limemzidi uwezo. Asiye na jibu la swali la pili, msimkabidhi mgonjwa.

Siku ya kwenda kwa daktari, shemeji afuatane naye, kwa kuwa yeye ndiye anayeziona zile saa za usiku ambazo mgonjwa mwenyewe huenda akaona haya kuzieleza.