Kabla ya kuupa uyoga wa miombo jina la Kilatini

Mvua za Novemba zikishika Lubumbashi, barabara ya Kasumbalesa hujaa mabeseni ya uyoga, na simu yangu hujaa picha: "Ndugu, huu ni uyoga gani?" Ninawajibu wote vilevile: picha haitoshi, na jina lisikuharakishe.

Majina yenyewe yanahama. Uyoga wa manjano wa miombo, ambao wengi huku huuita chitondo, kwa miaka mingi uliandikwa katika orodha za Afrika kama Cantharellus cibarius, jina la uyoga wa Ulaya. DNA ilipochunguzwa, ikaonekana wa kwetu una ukoo wake, na mwaka 2012 spishi mojawapo ikaitwa Cantharellus afrocibarius. Uyoga unaotoa maziwa ukikatwa nao umepangwa upya: tangu 2008 ilipobainika kwamba jenasi (yaani kundi la spishi zinazokaribiana) ya Lactarius ilichanganya koo tofauti, spishi nyingi za Afrika ya joto zimehamia Lactifluus. Aliyekariri jina tu ameachwa nyuma. Aliyetunza kielelezo kizuri, yaani uyoga wenyewe uliokaushwa pamoja na maelezo yake, bado ana kitu mkononi.

Ndiyo maana ninamheshimu sana Bibi Goossens-Fontana, aliyekusanya uyoga huko Binga, kaskazini mwa Kongo, kuanzia miaka ya 1920, akauchora kwa rangi ungali mbichi. Maurice Beeli, mtaalamu wa uyoga wa Ubelgiji, alieleza spishi nyingi kutokana na kazi yake. Uyoga ukikauka hupoteza rangi, harufu na umbo. Bila michoro ile, anayerekebisha majina leo angebaki na vipande vya kahawia tu.

Basi fanya hivi. Chimba, using'oe. Uyoga mwingi wa jenasi Amanita una mfuko chini ya shina, na ukiuacha ardhini umeacha alama muhimu kuliko zote. Termitomyces, uyoga wa vichuguu, mara nyingi shina lake hushuka kama mzizi hadi kwenye kichuguu. Lifuate kwa kisu. Piga picha ya juu, ya chini na ya uyoga uliopasuliwa katikati. Andika palepale: harufu, rangi ya nyama baada ya kukatwa, rangi ya maziwa na kama inabadilika. Angalia mti ulio karibu, maana spishi nyingi za miombo huishi kwa kushirikiana na mizizi ya miti kama Brachystegia na Julbernardia. Kama hujui mti, chukua jani lake, liweke pamoja na uyoga.

Beba kwa karatasi, kamwe si kwa mfuko wa plastiki: uyoga huoza humo kabla hujafika Kenya au Katuba, komuni za hapa Lubumbashi. Kofia moja ilaze usiku kucha juu ya karatasi nyeupe, spora (chembe zake za uzazi) zidondoke uone rangi yake. Nyingine zikaushe kwa joto la chini. Moto mkali huharibu DNA.

Muulize pia mama anayeuza anauitaje, anaupata wapi, na upi unaofanana nao ambao yeye hauli. Hilo la mwisho waandikaji wengi hulisahau, nami naliona ndilo lenye thamani kubwa zaidi. Usionje usioujua. Weka namba moja kwenye bahasha, picha na daftari, na penye jina la Kilatini andika jenasi tu ukiwa na hakika nayo. Nafasi ya spishi iache wazi kwa atakayekuja na darubini.