Kabla hujakipiga pasi: majibu kwa wenye katuni za zamani

Tangu nigusie habari za vitabu vya katuni vya Kimarekani vinavyopewa gredi, simu yangu haijapoa. Kwa aliyepitwa: kampuni kama CGC, iliyoanza mwaka 2000 na yenye makao Sarasota, Florida, hukagua kitabu, hukipa alama kati ya 0.5 na 10, kisha hukifungia ndani ya kasha la plastiki gumu. Tofauti ya 9.6 na 9.8 waweza usiione kwa macho, lakini kwenye bei utaiona. Hapo ndipo watu wanapokimbilia kunyoosha mikunjo ya jalada, ili alama ipande.

*Shikamoo anko. Marehemu baba mdogo kaniachia boksi la katuni alizopewa na mmisionari. Majalada yamejikunja kama mawimbi. Nizipige pasi kabla sijazituma? Ndaga fijo. (Kijana, Tukuyu)*

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Pasi ya nyumbani iache ifanye kazi ya mashati. Nasema hivi kwa sababu niliwahi kujaribu, enzi za mgawo wa umeme, kwa pasi ya mkaa na kitambaa cheupe juu ya jalada. Kunyooka lilinyooka. Ila nilipofunua, wekundu wa jalada ulikuwa umehamia kwenye kitambaa, karatasi imechanika pale pini za mgongoni zinaposhikia, na cheche moja imetoboa tundu dogo kama punje ya ulezi kwenye uso wa shujaa. Kitabu hicho bado ninacho. Hakuna anayekitaka.

Mawimbi yako wewe ni ya unyevu. Tukuyu mvua haiishi, na karatasi hunywa maji ya hewani kama kitenge kilichosahaulika kwenye kamba. Kiweke kila kitabu katikati ya karatasi nyeupe safi, juu na chini kadibodi ngumu, kisha ukilalizie vitabu vizito juu kwenye chumba kikavu, wiki mbili tatu. Kabla ya hapo zitazame pini. Zikiwa na kutu, usikandamize chochote. Kutu inaacha doa na karatasi inayoizunguka imeshakuwa dhaifu.

*Kaka, jamaa wa Mwanjelwa anayechapa fulana anasema mashine yake inanyoosha katuni kwa elfu tano. Nimpe? (Msomaji, Soweto, Mbeya)*

Hajakudanganya kabisa. Hata Marekani wapo wanaonyoosha kwa mashine za aina hiyo hiyo. Shida ni moto. Picha ya fulana mara nyingi huchapwa kwenye nyuzi joto 180 za Selsiasi hivi au zaidi, wakati wanaojua katuni hucheza kwenye 70 hadi 80, huilainisha karatasi kwanza kwa unyevu kidogo, huweka karatasi ya silikoni juu na chini, kisha hukiacha kitabu kipoe taratibu kikiwa kimebanwa. Kwenye moto wa fulana, jalada la kung'aa linagandamana na chochote kilicholigusa, na kitabu cha mgongo wa gundi kinaanza kutema gundi. Mpe jarida la zamani lisilo na thamani uone litatokaje.

*Kamwene kaka. Nina kitabu cha 9.4. Rafiki aliyeko Marekani anasema nivunje kasha, kinyooshwe, kirudi kukaguliwa, kitatoka 9.8. Nifanye? (Dada, Iringa)*

Kamwene dada. Rafiki yako anajuaje kitatoka 9.8? Siku unayovunja kasha, ile 9.4 imekufa. Mkaguzi mpya hafungwi na alama ya mwenzake; anaweza kutoa 9.6, anaweza kurudia 9.4, anaweza kukupa 9.2 kwa kosa lililotokea wakati wa kuvunja.

Kwanza tafuta kilichokunyima alama. Simama dirishani, kiinamishe kitabu mwanga ukipite jalada kwa upande. Mkunjo ambao rangi yake bado nzima unaweza kunyooka. Mkunjo unaoonyesha mstari mweupe maana yake wino umekatika, na hakuna mashine inayorudisha wino. Mpasuko na kona iliyolika ni vivyo hivyo.

Halafu shika kalamu. Tuseme, kwa mfano tu, 9.4 inauzika laki mbili, 9.6 laki mbili na themanini, 9.8 laki tano. Posta ya kwenda na kurudi, bima, kunyoosha na ukaguzi vikikugharimu laki mbili na nusu, basi 9.8 inakuachia faida ya elfu hamsini kuliko ungeuza leo. Ikitoka 9.6 umebaki na elfu thelathini mkononi. Ikirudi 9.4, umelipa ili upate ulichokuwa nacho. Na sijataja ushuru, wala barabara: kutoka huko hadi Dar kitabu kinatikiswa usiku kucha, na hata ndani ya kasha hutokea kikajiumiza kingo.

Mimi ningekiacha. Ukishupaa, ile lebo ya zamani itume pamoja na kitabu, CGC waifute kwenye orodha yao ya vitabu walivyokwisha kagua. Vinginevyo kitabu kimoja kitahesabiwa viwili.

*Muuzaji ananiapia kitabu hakijawahi kunyooshwa. Nitajuaje? (Makambako)*

Kikinyooshwa vizuri, hutajua. CGC hawahesabu kunyoosha kuwa ni ukarabati, kwa hiyo lebo ya bluu, ile ya kitabu kisichokarabatiwa, haikuambii kitu. Kilichonyooshwa vibaya ndicho hujitaja chenyewe: kurasa za ndani zimechungulia nje ya jalada, au kuna vimpasuko kwenye pini. Lipia kitabu unachokiona, kiapo mwachie mwenyewe.

*Mgongo umebanduka rangi. Naweza kupaka kalamu ya wino wa rangi ile ile? (Njombe)*

Hapana. Hiyo ndiyo wanayoiita ukarabati. Utapewa lebo ya zambarau, ile ya kitabu kilichokarabatiwa, na wanunuzi wengi watakipita. Uache weupe ulivyo, na kalamu umrudishie mtoto kwenye begi lake la shule.