Mwalimu wa sanaa, tafuta kitu usichokifundisha

Wiki iliyopita mwalimu wa sanaa aliyeko Songea aliniandikia. Ananiita kaka, ingawa hatujawahi kuonana. Anasema ana miaka mingi kazini na wanafunzi wake wanafaulu, lakini yeye mwenyewe hana hamu tena na penseli. "Kaka, nikirudi nyumbani sitaki hata kuiona karatasi. Nifanye nini?" Nilimjibu kwa kifupi, ila jibu lenyewe ni refu, na najua walimu wengi wa somo letu wanalihitaji.

Tafuta kitu cha mikono au cha mwili ambacho hukifundishi, hukiuzi na hukijui. Vyote vitatu kwa pamoja.

Mimi changu ni kusuka ukili, ule mkanda wa majani unaoshonwa kuwa mkeka. Nilianza kipindi ambacho, kila mitihani ikikaribia, vipindi vyangu vilichukuliwa na kupewa walimu wa hisabati na fizikia. Mkuu wa shule wa wakati ule aliniambia mbele ya walimu wote kwamba kuchora hakumfikishi mtoto popote. Sikumjibu. Maneno yale bado ninayo moyoni, na sijayasahau hata siku moja. Nayasema hapa kwa sababu najua wewe unayesoma umewahi kuambiwa kitu cha namna hiyo. Wanafunzi hawatuchoshi. Kinachotuchosha ni kuitetea kazi yetu muhula hadi muhula.

Jirani yetu hapa Tanga alikuwa bibi anayesuka mikeka ya ukindu. Nikamwomba anifundishe. Akaniangalia vidole kwanza, kisha akasema, "Kaa hapo, mwanangu." Hakuniuliza nafundisha nini wala nimesoma wapi. Makuti machanga ya mkindu huanikwa, huchanwa kuwa chane nyembamba, halafu hulowanishwa kidogo yalainike. Chane zikisukwa hutoa ukili, na ukili ukishonwa ubavu kwa ubavu ndipo mkeka unapatikana. Kwa kusimulia ni jambo la dakika moja. Vidoleni ni habari nyingine kabisa: chane moja ikilegea, ukili wote unapinda, na bibi alikuwa na neno moja tu kwa ukili uliopinda. "Fumua." Hakupandisha sauti, hakunisifu, hakunihurumia. Nilifumua na kuanza tena, na jioni nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi kuliko nilivyotoka.

Wapo wenzangu walionicheka: mwanamume mzima, mwalimu, anakaa kibarazani na akina bibi kusuka. Iliniuma. Leo baadhi yao huniita darasani kwao nikawaonyeshe wanafunzi.

Nilichokipata kibarazani pale kilianza kuonekana kwenye ufundishaji wangu bila mimi kupanga. Chukua suala la rangi. Anayechora kwa rangi ya maji anaweza kubadili mawazo katikati ya kazi. Msusi hana nafasi hiyo. Chane hutiwa rangi kabla, kwa kuchemshwa. Mmea wa mdaa hutoa weusi, bizari ya manjano hutoa njano, na siku hizi wengi hutumia rangi za unga za dukani. Ukishazipanga chane zako za rangi na kuanza kusuka, umeshaamua nakshi itakayotokea huko mbele. Kwa hiyo msusi huiona nakshi kichwani kabla haijawa mkononi. Mimi nilisomea sanaa chuoni na hakuna aliyenionyesha jambo hilo kwa uwazi ule.

Nikalipeleka Kidato cha Pili. Tulikata kalenda kuukuu kuwa vipande virefu, tukavipaka rangi, na kila mwanafunzi akatakiwa kutabiri ruwaza yake kwa kuichora kabla hajaanza kusuka. Darasa ambalo lilikuwa likisinzia nikifundisha ruwaza ubaoni lilibaki limeinamia meza hadi kengele ikapigwa. Na mimi nilikuwa nimeinama nao, kwa sababu nami nilitaka kuona kitakachotoka. Hamu ile ndiyo dada yangu wa Songea anayoitafuta.

Halafu kuna namna ya kusahihisha. Bibi hakuwahi kuushika ukili wangu aumalizie yeye. Siku hizi mwanafunzi akikwama kwenye mchoro, mkono wangu haugusi karatasi yake. Nachora pembeni, kwenye karatasi yangu, aone, kisha arudi kwenye kazi yake. Aliyekaa chini akafundishwa na mtu mwingine akiwa mtu mzima anajua mwanafunzi anavyojisikia kazi yake ikichukuliwa mkononi.

Wala hili si jambo la mtaani kwetu tu. Paul Klee, mchoraji aliyefundisha kwenye shule ya sanaa ya Bauhaus nchini Ujerumani kuanzia 1921 hadi 1931, alikuwa mpiga fidla hodari tangu utotoni, na aliendelea kupiga hata alipokuwa mchoraji. Mafundisho yake kuhusu mstari na mdundo yamejaa muziki. Fidla hakuwa akiifundisha pale. Aliipiga, basi, na darasa likafaidika.

Sasa suala la kuuza, maana hapa ndipo wengi wenu mtanipinga. Ukionyesha kitu chochote leo, swali la kwanza ni "unauzaje?" Ndugu zangu wameshanihesabia mikeka mingapi ningeweza kuwauzia watalii. Nimekataa. Siku utakapopokea oda, mteja ndiye atakayechagua rangi na tarehe, na utakuwa umejiongezea mkuu wa shule mwingine. Najua mishahara yetu, na simlaumu mwalimu anayechora mabango au kushona ili watoto wale. Lakini hiyo ni kazi ya pili. Tafuta na kitu kingine, hata kidogo, ambacho hakina bei.

Mwaka huu, siku ya mahafali, kazi za wanafunzi wangu zilitundikwa ukumbini, na mkuu wetu wa sasa akaomba moja ibaki ofisini kwake. Nilifurahi mno. Nilitamani yule wa zamani angekuwepo akaiona.

Dada yangu, umeniambia unapenda kuimba lakini uliacha. Nenda kwaya ya mtaani kwenu Jumamosi hii. Kaa sauti ya pili, nyuma, na umwache mwingine ashike daftari la nyimbo. Watagundua upesi kwamba wewe ni mwalimu, na watakuomba uwafundishe. Kataa kwa heshima, mara zote watakazokuomba. Kule uwe mwanafunzi.