Vipande vya mraba havilingani: nipige pasi au nitie wanga?

Swali: Shikamoo fundi. Niko Iringa, nafuma blanketi la mtoto la vipande vya mraba, jumla 48, yaani 6 kwa 8. Kila kipande kina mizunguko 5, uzi ni ule wa sufu wa kawaida wa dukani, sindano ni ya kufumia yenye kichwa cha ndoano, milimita 5. Vingine vimetoka sentimita 13, vingine 12 na nusu, na vichache vimebonyea katikati kama bakuli. Nimeanza kuunga, naona blanketi linajikunja na kuvutia upande mmoja. Jirani ananiambia nitandike kitambaa kibichi juu nipige pasi ya moto, vitalingana. Muuza uzi anasema nivichovye kwenye wanga. Nifuate la nani?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usifuate la yeyote kati yao. Na kama pasi imeshachomekwa, ichomoe kwanza ndipo usome yanayofuata.

Hili la pasi naletewa karibu kila wiki, na huwa linaletwa likiwa limeshaharibika. Uzi wa kawaida unaouzwa madukani kwetu kama sufu, mara nyingi haujapita hata karibu na kondoo. Ni akriliki, yaani plastiki iliyovutwa ikawa nyuzi. Kama unabisha, kata uzi wa urefu wa kidole, ushike kwa kibanio juu ya sahani ya bati yenye maji, uuwashe. Sufu halisi itanuka nywele zilizoungua na majivu yake yatasagika. Pamba itanuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu mepesi ya kijivu. Akriliki itayeyuka, na ikipoa itaacha kijidonge kigumu cheusi ambacho vidole haviwezi kukisaga.

Sasa kitu cha kuyeyuka unakiwekea pasi ya moto! Joto likikifikia, nyuzi hulegea na kutanuka, wala hazirudi. Kipande kitalala bapa, hilo kweli, na hapo ndipo watu hudanganyika. Lakini kiguse: kimekuwa chembamba, kinang'aa, kinaning'inia, ile hali yake ya kujaa na kuvutika imekwisha. Na vipimo je? Pasi haijui sentimita. Kilichokuwa 12 na nusu kinaweza kutoka 13 upande huu na 14 upande ule, nawe sasa una tatizo la pili juu ya lile la kwanza, na hili la pili halifumuliki.

Wanga una mahali pake. Vitambaa vya pamba vya meza na makochi huchovywa, hunyooshwa kwa pini, hukaushwa, vikasimama vizuri. Blanketi la mtoto ni kitu cha kufuliwa mara kwa mara. Wanga utaondoka na maji, na kabla haujaondoka utamkwaruza mtoto na kuwaita mende.

Turudi kwenye vipande vyako. Nusu sentimita unaiona ndogo, lakini safu ya vipande 8 vya sentimita 13 ina urefu wa 104, na ya 12 na nusu ina 100. Unaunga safu mbili zinazopishana sentimita 4, halafu unashangaa blanketi kujikunja?

Chanzo kiko mkononi, kwenye kitanzi kimoja ambacho hakuna anayekitazama. Unapofuma mshono mrefu, unazungusha uzi, unaingiza sindano kwenye nafasi, unavuta kitanzi cha kwanza juu. Urefu wa kitanzi hicho ndio unaoamua urefu wa mshono mzima. Asubuhi umetulia, unakivuta kikapanda vizuri. Usiku umechoka, mtoto analia, unakivuta kifupi na kukikaza. Uzi ni ule ule, sindano ile ile, kipande kimetoka kidogo. Angalia pia kitanzi kinakaa wapi: kinatakiwa kikae kwenye mwili mnene wa sindano, ambako ndiko namba yake inakopimwa. Ukifumia kule kwenye shingo nyembamba karibu na kichwa, sindano ya milimita 5 inafanya kazi ya sindano ndogo.

Vilivyobonyea, vihesabu. Mzunguko wa 5 unatakiwa uwe na mishono mirefu 60, yaani 15 kila upande katika vikundi 5 vya mishono mitatu, ukihesabu cheni 3 za kuanzia, yaani vitanzi vilivyofuatana kama mnyororo, kuwa mshono mmoja. Pungufu ya hapo, kuna kikundi ulikiruka. Hesabu ikitimia na bado kimebonyea, cheni 2 za kona umezikaza mno. Huko kuvutia upande mmoja ni jambo jingine: mishono huegemea upande kidogo, na ukifuma mizunguko yote bila kukigeuza kipande, mraba unajisokota. Vipya vyote, geuza kila unapoanza mzunguko.

Cha kufanya: fumua maungio, panga vipande mezani bila kuvinyoosha, upime. Vilivyobonyea fumua hadi ulipokosea. Vile vya 12 na nusu fumua mzunguko wa mwisho tu, uurudie kwa sindano ya milimita 5.5, ukipandisha kile kitanzi cha kwanza. Vikishalingana ndipo uunge, mshono kwa mshono, bila kuvuta uzi. Mvuke wapo mafundi wanaoutumia kwenye akriliki, lakini chuma hakigusi kazi, na hufanya hivyo kuituliza kazi ambayo tayari inalingana.

Nasema haya nikijua siku hizi kuna watu wanatoza ada kufundisha kufuma kwa siku moja, na somo lao la mwisho ni pasi. Mwanafunzi anatoka hapo hajui kuhesabu kona, ila anajua kupiga picha kazi iliyolazwa bapa. Picha inapendeza, mteja anatuma pesa, blanketi linafuliwa, maungio yanavutana, na lile eneo lililoungua linabaki kama karatasi la nailoni. Mteja huyo harudi, tena hasemi fulani kanidanganya. Anasema vitu vya kufuma kwa mkono havidumu, na hapo tumeharibiwa sote, pamoja na mama anayekesha akifumua mzunguko kwa ajili ya milimita tano.

Kwa hiyo mnaonunua, msiridhike na picha. Likunjeni blanketi kingo kwa kingo muone kama linakutana. Vuteni kipande kidogo kwa vidole muachie: kikibaki kilivyovutwa, au kina mng'ao ambao vingine havina, hapo pasi imepita. Na mnaouza, kabla hamjatoa kazi kwa mteja, fueni kipande kimoja cha mfano mkianike, mkipime tena kikishakauka. Kipande kilichokwishaungua hakina dawa; kitolewe kwenye blanketi, kifumwe kingine mahali pake.